Kuchora ng'ambo ukiwa ufuoni: safari ya hema kutoka Lobule hadi Ziwa Albert

Lobule haina ufuo. Ina vijito vinavyokauka kiangazi, ina mashamba ya mihogo, ina njia za miguu zinazoingia Kongo bila kupiga hodi, na tangu 2013 ina makazi ya wakimbizi waliotoka upande huo huo wa Kongo. Mtu wa Lobule anayetaka kulala kando ya maji makubwa hana budi kushuka. Anaweza kwenda mashariki hadi Mto Nile, pande za Rhino Camp au Obongi, au akaifuata lami ya Koboko hadi Arua, kisha Nebbi, kisha ateremke Panyimur kwenye Ziwa Albert.

Panyimur wafanyabiashara wengi wa West Nile wanaijua kwa pua kuliko kwa macho. Ndiko yanakotoka mafungu ya ragoge na muziri, samaki wa chumvi na angara waliokaushwa kwa moshi, wanaopanda magari kwenda Arua, Ariwara na hata Sudan Kusini. Mchuuzi hufika alfajiri, hupatana bei huku tochi ya simu ikiwa mdomoni, hufunga mzigo, huondoka kabla jua halijakausha umande. Ukimuuliza baadaye ziwa linafananaje, atakutajia bei ya beseni.

Makala hii inamwomba mtu huyo alale huko siku mbili, achukue hema au turubai, penseli na daftari, na achore anachokiona. Najua wapo watakaosema kuchora ni kazi ya watoto wa shule au ya watalii wa Kizungu wenye kofia pana. Lakini hakuna watu katika ukanda huu walioumizwa na michoro ya wengine kama sisi tunaovuka mipaka, na Ziwa Albert ndipo mahali pazuri pa kuona jinsi jambo hilo lilivyotokea.

Tarehe 14 Machi 1864, Mwingereza Samuel Baker na mwenzi wake Florence, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe, waliteremka genge refu la upande wa mashariki wakafika ufuoni. Homa ilikuwa imewamaliza wote wawili. Baker alishuka akiegemea fimbo ya mwanzi, na Florence akimwegemea yeye. Kijiji walichofikia aliandika jina lake Vacovia, yaani Mbakovia, kijiji cha wavuvi na wachemsha chumvi. Wenyeji walikuwa na jina la ziwa lao tangu zamani, Mwitanzige, maana yake muua nzige. Baker akaliita Albert, jina la mume wa Malkia Victoria aliyekuwa amefariki 1861.

Msomaji wa gazeti hili atapenda kujua kwamba kitu alichokikuta Baker pale hakikuwa nyika tupu. Kilikuwa soko. Watu wa Mbakovia walichimba udongo mweusi wenye chumvi, wakauchuja kwa maji ndani ya vyungu vilivyotobolewa, wakachemsha maji yale hadi yabaki magadi meupe, na chumvi ile ikapandishwa bara kubadilishwa na vyakula. Kazi ya namna hiyo bado inafanywa na wanawake wa Kibiro, kwenye ufuo huo huo wa mashariki, kila familia na shamba lake la chumvi. Kwa hiyo yule aliyesifiwa London kuwa mgunduzi alipokelewa na wafanyabiashara, akasubiri siku nane akitafutiwa mitumbwi. Kusubiri chombo ufuoni si jambo geni kwa yeyote aliyewahi kungoja boti iende Mahagi.

Mitumbwi ilipopatikana, miwili ya kuchongwa kwa gogo, wakaanza safari ya kuambaa ukingo kuelekea kaskazini. Ilichukua siku kumi na tatu, na usiku walilala ufuoni. Wapiga kasia wa kwanza waliwatoroka kambini. Baker akachonga usukani kutokana na kasia pana, akatweka shuka lake la Kiskoti kuwa tanga. Asubuhi ziwa lilikuwa kama sahani. Ikifika saa saba mchana upepo uliamka, mawimbi yakawa makubwa, wakakimbilia nchi kavu. Katikati ya shida hizo zote mtu huyu alikuwa akichora. Alichora ziwa, alichora dhoruba, alichora milima ya ng'ambo aliyoiona kuwa ya buluu, na mwisho wa safari, walipoingia mto unaotoka mashariki karibu na Magungo, alichora maporomoko ambayo aliyapa jina la Murchison, rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Mwaka 1866 michoro hiyo ilitoka kitabuni, ikiwa imechongwa upya na mafundi ili ichapwe.

Sasa tazama tofauti hii, maana ndiyo kiini cha habari yote.

Maporomoko aliyaona kwa macho yake, akayakadiria kuwa na urefu wa futi 120. Vipimo vya leo vinataja mita 43 hivi, yaani futi 140. Kwa mgonjwa aliyekaa ndani ya mtumbwi unaoyumba huku viboko wakimzunguka, hayo si makadirio mabaya. Lakini upande wa kusini wa ziwa hakuuona. Aliambiwa tu kwamba maji yanaendelea mbali, hadi pande za Karagwe na kupita, na yeye akayachora hivyo hivyo kwenye ramani, ziwa refu kupita kiasi linaloteremka kusini bila mwisho. Miaka 12 baadaye, mwaka 1876, Mtaliano Romolo Gessi alilizunguka ziwa lote kwa mashua akakuta linaishia mapema sana. Urefu wake ni kilomita 160 hivi, na upana ni kama 30. Karagwe iko mbali, ni nchi nyingine kabisa.

Mtu mmoja, kalamu moja, safari moja. Alichokaa akakitazama kilimtoka karibu na ukweli. Alichosimuliwa kilimtoka uongo, japo hakukusudia kudanganya. Ulaya ikaamini vyote viwili sawasawa, kwa sababu vilikuwa kwenye karatasi iliyochapwa vizuri.

Kosa la ziwa refu lilisahihishwa na Gessi, halikumuumiza mtu. Makosa yaliyofuata hayakupata Gessi wake. Tarehe 12 Mei 1894, mjini Brussels, Uingereza na Mfalme Leopold wa Wabelgiji walitia saini mkataba uliompa Leopold ukodishaji wa nchi iliyoanzia ukingo wa magharibi wa Ziwa Albert, karibu na Mahagi, ikafuata mgongo wa nchi unaogawa maji ya Nile na ya Kongo. Nchi hiyo ndiyo ikaja kuitwa Lado, na West Nile ilikuwa ndani yake. Kukawa na kipande cha upana wa kilomita 25 kutoka mgongo huo hadi ziwani, pamoja na bandari ya Mahagi, ili Kongo isikose mlango wa maji. Leopold alikufa Desemba 1909, Lado ikachukuliwa na utawala wa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu ya kusini, pamoja na Arua na Koboko, ikahamishiwa Uganda. Katika miaka 20 mtu wa Koboko alihesabiwa wa Leopold, kisha wa Khartoum, kisha wa Entebbe, bila kuhamisha hata jiko lake la mafiga matatu.

Huo mgongo wa kugawa maji unapita pembeni mwa Lobule. Ukisoma mkataba utadhani ni safu ya milima inayoonekana kutoka mbali, kitu ambacho mtu angeweza kukitandaza kwenye karatasi kwa mstari mmoja. Nenda ukauchore. Utakuta mwinuko wa taratibu, majani, mwembe, nyumba, mwinuko mwingine. Mvua inayonyesha upande huu inaingia mito kama Kochi, inafika Nile na hatimaye Bahari ya Mediterania. Inayonyesha hatua chache ng'ambo inaanza safari ya Kibali, Uele na Mto Kongo, inaishia Atlantiki. Maji yanaujua mgongo huo. Jicho haliuoni, na Wakakwa walioishi pande zote mbili hawakuwahi kuutumia kumtenga shangazi na mpwa wake. Aliyeufanya mpaka hakuwa amekaa pale na penseli.

Ndiyo maana nasema mchuuzi wa mpakani ana sababu ya kuchora kuliko mtalii. Na mahali pa kujifunza si kwenye mgongo wa Lobule, ambao ni mgumu hata kwa fundi. Ni ufuoni, ambako nchi imejipanga yenyewe: maji, ng'ambo, mbingu.

Ukiwa Panyimur uko pembe ya kaskazini-magharibi ya ziwa, kwa hiyo jua litachomoza juu ya maji, upande wa Wanseko na Buliisa. Huko ni tambarare. Utaona uzi mwembamba tu wa kijani. Geuka kusini, mkono wa kulia, ndipo vilima vya Mahagi vinapoanza kupanda kimoja nyuma ya kingine. Anayetaka kuiona Kongo yote imesimama kama ukuta, alivyoiona Baker, avuke aende upande wa mashariki, Butiaba au Kibiro, atazame magharibi. Jioni jua huzama nyuma ya milima hiyo na kuifanya iwe kivuli kimoja kizito. Asubuhi mwanga huipiga usoni, mikunjo yote ikaonekana. Kwa anayeanza, asubuhi ni bora, na saa saba mchana ni saa ya kukunja karatasi kwa sababu ile ile iliyomkimbiza Baker nchi kavu.

Vifaa havihitaji duka la Kampala. Daftari la mauzo lenye jalada gumu linatosha, penseli mbili, kisu cha kuchongea. Mkaa uliozimika kwenye jiko la wakaanga samaki huchora vizuri kuliko penseli kwenye milima, ila hufutika. Weka karatasi ya nailoni juu yake kabla hujafunga daftari. Vibanio vya kuanikia nguo vishike kurasa, kwani upepo wa ziwa haumheshimu msanii. Na nawa mikono kwanza. Mafuta ya angara yakigusa karatasi, penseli haishiki tena mahali hapo.

Anza na mstari mmoja wa kulala, pale maji yanapokutana na ng'ambo. Uko usawa wa macho yako daima: ukichuchumaa unashuka nawe, ukipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa unapanda nawe. Wengi huuweka katikati kabisa ya ukurasa, na mchoro wote unakufa hapo. Uweke chini kama unapenda mbingu, au juu kama mialo na mitumbwi ndiyo inayokuvutia. Kisha nyoosha mkono, shika penseli wima mbele ya jicho moja, pima urefu wa kilima kwa ukucha wa kidole gumba, halafu uliza mtumbwi ulio karibu unaingia mara ngapi katika urefu huo. Hapa ndipo mchuuzi anapowashinda wengine. Jicho lililozoea kukadiria gunia bila mizani halipati shida kukadiria mlima.

Jambo la mwisho la ufundi ni umbali. Kilicho karibu kipe giza, kilicho mbali kipe wepesi. Milima ya ng'ambo si ya buluu. Ukifika Mahagi utakuta ni ya kijani na nyekundu ya udongo kama ya kwenu. Hewa yenye unyevu, ikijipanga kilomita 30 baina yako na mlima, ndiyo inayoivalisha buluu. Bonyeza penseli kidogo sana huko. Mwanafunzi akishaelewa hilo, mchoro wake unapata pumzi.

Watoto watakuzunguka. Dakika tano baadaye watakuwa wanakusahihisha: mtumbwi wa baba fulani una mbao tano ubavuni, siyo nne; ule mti umeinama zaidi. Wasikilize. Ndio wataalamu wa mahali hapo.

Mchoro wa ufuo una faida nyingine ambayo wauza samaki wa Panyimur hawahitaji kufundishwa. Mwaka 2020 Ziwa Albert lilipanda. Mialo ya Panyimur, Wanseko na Butiaba iliingiwa na maji, vibanda, maghala na nyumba vikamezwa, maelfu ya watu wakahama. Haikuwa mara ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda namna hiyo hiyo, bandari ya Butiaba ikaharibika, na mwaka 1964 meli Robert Coryndon ikazama pale pale. Kati ya mafuriko haya mawili kizazi kizima kilijenga tena karibu na maji, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na picha ya pale ukingo ulipokuwa umefika.

Simu zina picha, ndiyo, na simu hupotea, huibiwa, huuzwa mwezi wa karo. Daftari hubaki sandukuni. Kwa hiyo unapochora mwalo, chora vitu visivyohama: mwembe mkubwa, bati la kanisa au msikiti, jiwe, nguzo ya umeme. Hesabu hatua kutoka mwembe hadi maji yanapolamba, andika hesabu hiyo pembeni pamoja na tarehe. Haitakuwa hati ya kiwanja na hakimu hataikubali kama hati. Lakini siku watu watakapobishana kibanda cha nani kilikuwa wapi kabla ya maji, mwenye ukurasa wa aina hiyo atasikilizwa kabla ya mwenye sauti kubwa. Na atakayetaka kukodi ghala ufuoni atajua kama anakodi nchi kavu au anakodi ziwa lililokwenda matembezi.

Sasa tahadhari, maana kambi si picnic. Maji ya Panyimur yana kichocho, na eneo hilo linajulikana kwa ugonjwa huo miaka mingi. Usioge ukingoni, usisimame kwenye maji ya kina kifupi eti unatafuta pembe nzuri ya kuchorea. Mamba na viboko wapo. Piga hema mbali na njia ya viboko, ile iliyochimbika kama mfereji kati ya majani, na usiikaribie usiku.

Kuna hatari nyingine ambayo watalii huwa hawaiwazi. Mtu anayekaa karibu na mpaka akitazama ng'ambo na kuandika anaweza kuitwa jasusi. Ripoti kwa mwenyekiti wa LC kabla ya kupiga hema, onyesha kitambulisho na daftari lenyewe. Wanajeshi wanaolinda uvuvi wakipita, waonyeshe kabla hawajauliza. Usichore daraja la Pakwach, wala kambi ya askari, wala kizuizi cha barabarani. Kwa wenzetu waliotoka Kongo na wanaoishi kwenye makazi ya Lobule, karatasi za ukimbizi ziwe mfukoni, si kwenye begi la rafiki. Inauma kidogo kuandika haya: wale wa Brussels walichora nchi nzima bila kuomba ruhusa ya mtu, na mwenye nchi leo anachora mwembe akiwa na barua.

Je, michoro hiyo inauzika? Wachoraji wa Tingatinga kule Dar es Salaam wamelisha familia kwa miongo kadhaa kwa picha ambazo mwanzilishi wao, Edward Saidi Tingatinga, alianza kuziuza kwa wageni kabla ya kifo chake mwaka 1972. Kwa hiyo soko la picha lipo Afrika Mashariki. Soko la mandhari ya Ziwa Albert kwa mkono wa mchuuzi wa Lobule bado halijajaribiwa, na sitamdanganya mtu aache mihogo. Kadi ndogo zenye mchoro, zikiwekwa karibu na asali na vikapu kwenye duka la Arua, hazitamgharimu mtu zaidi ya karatasi. Zikikataa kutoka, hasara yake ni ndogo kuliko beseni moja la muziri aliyeoza njiani.

Ratiba iwe hivi. Ondoka Lobule mapema, kwa kuwa Koboko hadi Arua ni kilomita 55 hivi tu lakini Nebbi na mteremko wa Panyimur hula siku. Fika kabla ya giza, ujitambulishe, usimamishe hema. Siku ya kwanza chora kuanzia mapambazuko hadi upepo uamke, kisha lala kivulini au ukapatane bei. Siku ya pili chora mwalo pamoja na alama zake. Nunua mzigo alasiri ya mwisho, ufungwe vizuri, na daftari lisiwekwe gunia moja na samaki. Kabla hujaweka penseli mfukoni, andika kwenye ukurasa wa mwisho jina la mwalo, tarehe, na hatua ulizohesabu kutoka mwembe hadi majini.